Niliibiwa Simu kwa Kiingereza: Historia ya Kosa Lisilokwisha

Kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo ukiisikia tu, unajua aliyeisema amekulia huku kwetu: "I was stolen my phone." Utaisikia kituo cha polisi, utaisikia kwenye usaili wa kazi, na utaikuta kwenye madaftari ya sekondari ikiwa imepigwa mstari mwekundu. Mwalimu anaandika pembeni "My phone was stolen", mtoto ananakili, na wiki inayofuata anaibiwa tena simu kwa Kiingereza kile kile.

Kabla sijaajiriwa gazetini nilifundisha tuisheni kwa miaka miwili, jioni, watoto wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wamebanana kwenye madawati ya kuazima. Mada iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa kauli ya kutendwa, ile ambayo darasani wote wanaiita "passive voice". Nikawa nayaandika makosa yao kwenye daftari langu. Kadiri orodha ilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kuona kwamba makosa haya yana ukoo. Mengine yamezaliwa na Kiswahili. Mengine yalikuwa Kiingereza halali zamani, wenyewe wakayaacha. Na mengine tumeyatengeneza sisi walimu pamoja na mitihani yetu. Naomba tuyafuatilie kidogo, maana mbele ya safari kuna jambo kubwa kuliko alama za mtihani.

Aliyefikwa na jambo hukaa mbele

Kiswahili hujenga kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe. Piga, pigwa. Soma, somwa. Inaingia w kabla ya irabu ya mwisho, kazi imekwisha. Na w hiyo hatukuibuni peke yetu. Mzulu kule Afrika Kusini akitaka kusema penda anasema thanda, na pendwa kwake ni thandwa. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaihesabu kuwa urithi kutoka lugha mama, kitu cha zamani kuliko shule yoyote tunayoijua. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864, aliwaeleza wenzake kuhusu w hiyo katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, pamoja na vile vitenzi vinavyodai l katikati, kama chukua na chukuliwa.

Kwa hiyo mtoto anayeandika "I born in 2008" ana sababu yake. Nilizaliwa ni neno moja. Nafsi imo, wakati umo, kutendwa kumo. Sasa anaambiwa alivunje neno hilo vipande vitatu: mtendwa, kitenzi kisaidizi "was", halafu umbo la tatu la kitenzi kikuu. Kipande cha katikati, ambacho kikisimama peke yake hakimwambii chochote, ndicho kinachodondoka. Ndiyo maana "The letter written by Asha" ni kosa la kila daftari. Barua iliandikwa na Asha, basi, nini tena kimebaki?

Lakini Kiswahili hakiishii hapo. Kina kiungo kingine, cha kutendea, kinachomwingiza kwenye kitenzi mtu ambaye jambo limemfikia. Iba, ibia, ibiwa. Nyesha, nyeshea, nyeshewa. Hata kufa, kitenzi ambacho hakina mtendwa, kinakubali: fa, fia, fiwa. Ukisema "nilifiwa na baba", aliyekufa ni baba lakini habari ni yangu mimi niliyebaki. Vivyo hivyo simu. Iliyochukuliwa ni simu, ila anayerudi nyumbani kwa miguu akiwa hana namba ya mtu ni mimi, kwa hiyo mimi nakaa mbele ya sentensi. Ndiyo maana pia watoto wangu waliandika "We were rained" bila wasiwasi wowote. Walinyeshewa!

Sasa angalia Kiingereza kinavyowachanganya. "I was given a book" ni sahihi kabisa, na ni tafsiri nyoofu ya "nilipewa kitabu". Mfaransa hawezi kusema hivyo kwa lugha yake. Hata Mwingereza wa zamani sana hakuweza: katika Kiingereza cha kale anayepewa alibaki na umbo la "kwangu" au "kwake", na kitabu ndicho kilichotawala sentensi. Maumbo hayo yalipodondoka, katika Kiingereza cha kati, ndipo anayepewa akasogea mbele taratibu. Mtoto wa Kiswahili anafika akiwa ameshaiweza sentensi hiyo. Kisha anafanya hesabu ya kawaida: kama nilipewa ni "I was given", basi niliibiwa ni "I was stolen". Hesabu imenyooka, jibu ndilo halitakiwi, kwa sababu Kiingereza kiligawa wizi kwa vitenzi viwili. "Steal" hushika mali na "rob" humshika mwenye mali. Aliyeibiwa anatakiwa aseme "I was robbed", au aiache simu ndiyo ianze.

Katika miaka ile miwili sikukutana na kitabu cha wanafunzi kilicholieleza hilo. Kosa linasahihishwa miaka nenda rudi, ila sababu yake haitajwi.

Nyumba inayojenga

Kosa lingine kwenye orodha yangu: "The house is building." Mtoto alitaka kusema nyumba inajengwa. Nyekundu. Lakini angekuwa anasoma London mwaka 1750 angepewa vema. Waingereza walisema hivyo hivyo kwa muda mrefu, nyumba inajenga, chakula kinapika, na kila mtu alielewa kwamba nyumba haijishikii mwiko. Jane Austen, aliyefariki mwaka 1817, bado alilitumia umbo hilo katika riwaya zake.

Umbo tunalolidai leo darasani, "The house is being built", linaanza kuonekana kwenye maandishi mwishoni mwa karne ya 18. Mshairi Robert Southey alilitumia katika barua ya mwaka 1795, akizungumzia mtu anayeng'olewa jino na kinyozi. Wasomi hawakulipenda. Waliliona refu, zito, halina mantiki. Mmarekani Richard Grant White alipotoa kitabu chake Words and Their Uses, aliweka sura nzima ya kulipinga. Na kitabu hicho kilitoka mwaka gani? 1870, mwaka ule ule wa mwongozo wa Steere. Yaani wakati Steere anaandika kuhusu w yetu iliyotulia karne na karne, wenye Kiingereza walikuwa bado wanagombana kuhusu namna ya kusema nyumba inajengwa. Ugomvi ukaisha, umbo jipya likashinda, likaingia vitabuni, na sasa linaletwa kwa mtoto wa Mbagala kana kwamba limekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia.

"The book was wrote" nayo ina asili yake. Mtoto amekariri safu tatu, "write, wrote, written", halafu amechota ya pili badala ya tatu. Kiswahili hakijamzoesha kitenzi kubadili sura: andika inabaki andika iwe jana au kesho. Lakini safu hizo tatu zilichanganywa pia na wenyewe. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1762 na kuwasahihisha waandishi wakubwa kwa kosa la namna hii hii. Hata Milton hakusalimika.

Na kile kineno cha kumtaja mtendaji? Watoto wangu waliandika "The goat was eaten with the lion", na mimi nikamwona mbuzi na simba wamelala kwenye sahani moja. Chanzo ni "na" yetu. Juma na Asha, nina kalamu, ameliwa na simba: neno moja linabeba mizigo yote hiyo, na mtoto anashika tafsiri iliyo karibu. Wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wanajua kwamba hata "by" haikuwa na kiti cha kudumu. Humo Yesu anabatizwa na Yohana kwa kutumia "of". Mwanafunzi akiandika hivyo leo, anakosa.

Sisemi kwamba kwa sababu Austen aliandika hivyo basi mtoto aachwe aandike hivyo. Mtihani wa taifa hautamuuliza habari za Austen, na ukimdanganya kwamba kosa si kosa utakuwa umemponza. Ninachosema ni kwamba sheria hizi zina tarehe za kuzaliwa. Mwalimu anayejua hivyo hana haja ya kumwita mtoto mjinga.

Aliyeoa na aliyeolewa

Wapo wasomaji watakaouliza haya yanahusiana nini na fasihi. Chukua tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, ikapigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini Desemba ya mwaka huo. Kwa Kiingereza inaitwa I Will Marry When I Want. Ukisoma jina hilo peke yake hujui anayesema ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiswahili tunaijua kama Nitaolewa Nikipenda. Jina tu, na tayari unamwona msichana amesimama. Kiswahili kilimlazimisha mfasiri achague, kwa sababu kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na tofauti yao imekaa kwenye ile w.

Sasa mtoto akiandika "My sister was married by a teacher", Mwingereza anaelewa kwamba mwalimu ndiye aliyefungisha ndoa, labda ni mchungaji pia. Mtoto anamaanisha shemeji yake. Sentensi ile imebeba mila nzima ya nani anamchukua nani. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba Kiingereza cha leo kinasema "married to" kwa bibi na kwa bwana sawasawa, msichana mmoja aliuliza, "Kwa hiyo Mzungu mwanamke naye anaoa?" Darasa likacheka, ila jioni ile tulijadili kutendwa kuliko siku nyingine yoyote, na wengi walianza kuielewa kwa swali lile.

Makosa ya kutengenezwa darasani

Nisiibebeshe Kiswahili kila mzigo. "The accident was happened" haikutoka kwetu. Kiswahili kinasema ajali ilitokea, hakuna w hapo. Kosa hilo hilo huandikwa na wanafunzi wa China na Japani, watu ambao lugha zao hazina undugu wowote na yetu.

Mimi naona limetoka kwenye namna ya kufundisha. Zoezi letu ni lile lile tangu enzi za wazazi wetu: "Juma kicked the ball", igeuze. "The ball was kicked by Juma." Mtoto anageuza sentensi ishirini kama anayegeuza chapati, na hakuna anayemwambia kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aamue kuuanza mpira badala ya Juma. Akishakariri kwamba kuna fomula inayoanza na "was", anaibandika popote anapoona jambo limetokea bila mwenyewe kuonekana. Ajali, kifo, mvua. Anapata alama kwenye swali la kugeuza sentensi, na anakosa kwenye insha.

Nani alimuua Zelewski?

Hapa ndipo penye lile jambo kubwa nililolitaja. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule za msingi za serikali Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili. Kisha mtoto anavuka kwenda Kidato cha Kwanza na Januari moja tu masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Vitabu anavyopewa, hasa vya sayansi na historia, vimejaa kutendwa. Chumvi inayeyushwa, nchi inatawaliwa, mkataba unasainiwa.

Siku moja nilimpa mwanafunzi sentensi ya historia: "Zelewski was killed by the Hehe at Lugalo in 1891." Nikamuuliza, nani kauawa? Akajibu, Wahehe. Alisoma kwa mpangilio wa maneno: Zelewski, kuua, Wahehe. Na huyu alikuwa kijana wa Iringa. Tulipohamia Kiswahili alinisimulia kisa chote, jinsi jeshi la Mkwawa lilivyolivizia jeshi la Wajerumani Agosti ile, kwa undani ambao mimi sikuwa nao. Alikuwa anaijua historia ya kwao. Sentensi moja ya Kiingereza ilimgeuzia mshindi akawa maiti.

Ukiona hivyo unaelewa kwa nini Tume ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, wakatoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Ushauri wao ukawa Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Mimi nilizaliwa baada ya hayo yote, nikasoma ndani ya uamuzi ule, nikaja kufundisha tuisheni watoto waliokuwa bado ndani yake. Tunabishana kuhusu lugha ya kufundishia kama suala la uzalendo na utandawazi. Mara chache tunashuka hadi kwenye sentensi moja na kuuliza: mtoto huyu, akiisoma hii, anajua nani alimfanya nani nini?

Mtendaji aliyejificha

Kuna ngazi moja zaidi. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtendaji asitajwe kabisa. "Crops were destroyed." Mazao yaliharibiwa. Sentensi kama hizo hutumika sana kusimulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Sarufi yake haina dosari. Ila mazao hayakuharibika yenyewe. Yaliharibiwa na majeshi ya Wajerumani chini ya gavana Götzen, na njaa iliyofuata ilikuwa silaha ya kivita. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza, maana kina kuvunjika na kuvunjwa. Mtoto anayekuja mbio kusema "mama, kikombe kimevunjika" amechagua kauli yake kwa makini, na mama anayeuliza "nani kakivunja?" amemwelewa vizuri sana. Watoto wetu wanaijua tofauti hiyo tangu jikoni. Wakifika kwa Kiingereza tunawaambia wageuze tu.

Na sisi waandishi wa habari tusijifanye wasafi. Fungua gazeti lolote: wananchi watakiwa, wakulima waaswa, wazazi wahimizwa. Imeelezwa, imebainika, inadaiwa. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alishauri kutendwa kuepukwe pale ambapo kutenda kunawezekana. Kwenye dawati letu mabishano makubwa kuhusu kutendwa ni ya tahajia, waliouawa au waliouwawa, na mhariri hufuta w ya ziada kwa haki kabisa. Swali la nani aliyewaua mara nyingi linasubiri taarifa ya msemaji, na taarifa ikija nayo imeandikwa kwa kutendwa.

Ningekuwa bado nafundisha, zoezi la kugeuza sentensi lingesubiri wiki nzima. Kwanza ningeandika ubaoni niliibiwa, nilifiwa, nilinyeshewa, kimevunjika, kimevunjwa, nikawaachia wanafunzi wanieleze wao, kwa lugha wanayoitawala, kila neno linamweka nani mbele na linamficha nani. Wanayajua hayo kuliko wanavyodhani. Baada ya hapo ndipo tungevuka kwenda Kiingereza, tukiuliza kwa kila sentensi maswali mawili: nani kafanya, na nani kafanyiwa? "Was" na safu ya tatu vingefuata, na makosa yangekuwepo bado, maana lugha ya pili haifunzwi bila makosa. Lakini yule kijana wa Iringa angefungua kitabu chake na kujua kwamba pale Lugalo, aliyeuawa alikuwa Zelewski.